Ngome Tatu na Mtu Aliyelowa

Siku ya kwanza Flaviana kufika kazini kwa Bi Haruko, Arlington, Marekani, ilikuwa asubuhi kavu ya mwezi wa tisa, mwaka 1997. Jua lilikuwa limewaka na barabara haikuwa na tone la maji. Alibonyeza kengele, akasikia fimbo ikigonga sakafu taratibu, kisha mlango ukafunguliwa na bibi mfupi, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa usawa wa masikio. Bibi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu akasogeza macho kidogo pembeni, kama anayemtazama mtu aliyesimama nyuma ya bega lake.

"Karibu," alisema kwa Kiingereza chake cha kukatakata. "Na mwenzio naye aingie. Amelowa chepechepe, atapata homa."

Flaviana aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ngazi tatu za saruji, majani yaliyofyekwa vizuri, na gari la posta limesimama ng'ambo. Mtu hakuwepo.

Alicheka kile kicheko cha mtu anayeihitaji kazi. Raymond, mtoto wa pekee wa bibi huyo, alikuwa ameshamweleza kwamba mama yake ana miaka sitini na minane, alivunjika nyonga mwaka uliopita, moyo wake si imara, na siku nyingine husahausahau. Kwa hiyo Flaviana aliingia, akavua viatu kama alivyoelekezwa, akaanza kazi. Lakini jioni, ndani ya basi la kurudi Oxon Hill alikokuwa akiishi, neno lile la kulowa lilikuwa bado limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Flaviana alikuwa mtu wa Kamachumu, mkoani Kagera. Aliingia Marekani mwaka 1993 kulea watoto wa afisa mmoja wa ubalozi. Afisa alipomaliza muda wake na kurudi nyumbani, yeye alibaki, akahamia kwenye kazi ya kutunza wazee. Alikuwa amepanga chumba kwa binamu yake Respicius, dereva wa gari la hoteli, mtu mwema mwenye maneno mengi. Mwezi wa tano mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, mdogo wake Flaviana, Adela, kitinda mimba wa nyumba yao, alikuwa ndani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Maiti yake haikupatikana, au pengine ilipatikana ikazikwa pamoja na wengine wasiojulikana. Flaviana hakwenda msibani. Karatasi zake zilikuwa kwa mwanasheria, naye alimwambia bila kuzunguka kwamba akitoka hataruhusiwa kurudi. Matanga yalianuliwa yeye akiwa huku, anamkanda miguu mzee wa watu.

Jioni hiyo alimsimulia Respicius maneno ya Bi Haruko. Respicius alikuwa anakula, hakuinua hata kichwa.

"Huyo mzee ana-forget tu, dada," alisema. "Usi-mind. Shukuru kazi iko karibu na treni na nyumba haina mbwa."

Basi Flaviana akaamua kutojali, na kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alimwogesha Bi Haruko, akampikia wali na supu, akamsindikiza kutembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Jambo moja tu lilimsumbua. Kila asubuhi alipofika, kwenye kiti cha tatu pale jikoni, kilichokuwa karibu na chuma cha kupashia nyumba joto, alikuta taulo limekunjwa na kuwekwa tayari, kama mtu anavyomwekea mgeni aliyetoka kwenye mvua. Flaviana alilichukua na kulirudisha kabatini. Bi Haruko alimwona akifanya hivyo. Kesho yake taulo lilikuwa pale pale. Wiki ya nne, alipolinyanyua, lilikuwa na unyevu. Alisimama nalo mkononi kwa kitambo. Akajiambia ni mvuke wa birika, akalitundika likauke, na tangu siku hiyo akaacha kuligusa.

Mwezi wa kumi ulipoanza, Bi Haruko alimwita mwanawe akamwambia anataka kwenda Japani kuangalia ngome za kale, kabla mguu haujakataa kabisa. Alikuwa ameolewa na sajini wa Kimarekani mwaka 1951, wakahamia huku, mume akafa, na miaka yote hiyo hakuwahi kurudi kwao. Raymond alishangaa, kisha akakasirika, kisha akaogopa. Yeye mwenyewe hakuwa na likizo. Mama yake alimjibu kwamba hahitaji likizo yake, anamhitaji Flaviana, tena si kwa muda mrefu: siku sita, ngome tatu, basi. Alikuwa amekwisha kuziandika kwenye karatasi: Hikone, Himeji, Okayama. Raymond alijadiliana na daktari, akaandika barua za viza, akanunua tiketi.

Karatasi za Flaviana zilikuwa zimetoka mwezi wa pili mwaka huo, kwa hiyo sasa aliweza kusafiri. Na hapo ndipo moyo ulipomsuta. Safari yake ya kwanza kutoka nje ya Marekani baada ya miaka minne haikuwa ya kwenda kumpa mama yake mkono wa pole, ilikuwa ya kwenda kutalii. Alipopiga simu nyumbani hakuigusia kabisa. Alisema tu kwamba kazi imembana, kwa wiki moja hivi hatapatikana.

Walitua Osaka jioni ya tarehe kumi Novemba, wakalala hapo, na asubuhi wakapanda treni kwenda Hikone. Bi Haruko, aliyekuwa akijikongoja Arlington, huku alikuwa na haraka. Aliuliza njia kwa Kijapani ambacho watu wa stesheni walikisikiliza huku wakitabasamu, kwa sababu, alimweleza Flaviana baadaye, kilikuwa Kijapani cha wasichana wa zamani. Ngome ya Hikone ilikuwa juu ya kilima. Walipanda polepole, wakipumzika kila baada ya hatua ishirini, hadi kwenye uwanja wa juu, chini ya jengo lenyewe. Lilikuwa jengo dogo jeupe la mbao na chokaa, mapaa yake yamepinda kingo kama midomo ya mtu anayetaka kusema neno. Bi Haruko aliketi kwenye benchi.

"Panda wewe," alisema. "Ukishuka uniambie umemwona nani."

Flaviana hakuelewa swali, lakini alipanda. Ngazi za ndani zilikuwa za kusimama wima kama za kupandia dari, mbao zimeng'arishwa na nyayo za karne nyingi. Alijishika, akasali kimoyomoyo, akafika juu akiwa anahema. Akasogea dirishani kupata hewa. Chini kulikuwa na mji, na baada ya mji kulikuwa na ziwa.

Hakuna aliyemwambia kwamba kuna ziwa. Lilikuwa kubwa, limetulia, halina mwisho upande mmoja, rangi yake ni ile ile ya kijivu cha asubuhi aliyokuwa akiiona akiwa msichana kutoka kwenye kingo za Kamachumu. Alikaa sakafuni, wanafunzi wenye sare wakampita pembeni, wakainama kumpisha kwa adabu. Hakujua alikaa hapo kwa muda gani.

Aliposhuka, Bi Haruko alirudia swali lake: amemwona nani? Flaviana alimtajia watoto wa shule, mlinzi mmoja, wazee wa Kijerumani wenye kamera. Bibi alisubiri, kana kwamba orodha haijaisha. Ilipoisha kweli, alishusha pumzi.

"Mwenzio hakupanda," alisema. "Alibaki na mimi hapa, chini, karibu na mguu wangu."

Mara nyingine zote Flaviana alikuwa ameyaacha maneno hayo yapite. Safari hii hakuweza. Aliuliza kwa sauti ndogo ni mwenzake gani.

"Jina hajanitajia. Ni msichana. Ana mwanya hapa." Bi Haruko aligusa meno yake ya mbele. "Kitenge chake kimemgandia mwilini kwa maji."

Adela alikuwa na mwanya. Mwanya ule ulikuwa fahari ya nyumba nzima. Bibi yao alizoea kusema ndio utakaomletea mume kutoka mbali. Huko Marekani Flaviana hakuwa na picha hata moja ya mdogo wake iliyoonyesha meno, kwa sababu Adela kila akipigwa picha alifunga mdomo na kununa kama hakimu. Njia nzima ya kuteremka kilima Flaviana alimshika Bi Haruko mkono, na hakujua tena ni nani anamwongoza mwenzake.

Siku ya pili ilikuwa Himeji, na mvua ilinyesha kutwa. Ngome ya Himeji ni kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, nyeupe kama nguo ya komunyo, na mlangoni kila mtu huvua viatu, akavitia kwenye mfuko wa plastiki na kuvibeba mkononi. Watu hupanda wakiwa na soksi tu. Siku hiyo Bi Haruko alisema atapanda mpaka atakapochoka. Flaviana alimtanguliza, yeye akafuata nyuma tayari kumdaka. Ndani mlikuwa na giza la mbao nene na harufu ya moshi wa zamani, na sauti pekee ilikuwa ya soksi zikiburuzika, mamia ya watu wakitembea kama wanaonyemelea.

Kwenye ghorofa ya pili walipumzika. Flaviana alipogeuka, alimwona mhudumu wa kike mwenye kizibao cha buluu amepiga magoti kwenye ngazi waliyotoka kuipanda, anafuta mbao kwa kitambaa. Alifuta kipandio kimoja, akasogea cha pili, akafuta na hicho. Kisha aliinua uso akaitazama miguu ya Flaviana, akakunja kipaji. Flaviana naye akatazama. Juu ya mbao ile nyeusi kulikuwa na alama za nyayo, za maji, za mguu mtupu, vidole vyote vitano vikionekana wazi. Zilipanda mpaka pale aliposimama yeye, zikaishia hapo. Aliinua mguu wake kumwonyesha mhudumu. Soksi yake ilikuwa kavu. Mhudumu alitazama soksi, akatazama ngazi, akainamisha kichwa mara mbili kwa haraka, si kwa adabu tu safari hii, akashuka akiwa amekikumbatia kitambaa chake.

Flaviana alitaka kutoka. Bi Haruko alikuwa amekaa kwenye stuli, hakushangazwa na lolote, macho yameganda kwenye boriti kubwa iliyobeba jengo zima. Alisema ngome hii ilipona vitani. Mji ulioizunguka uliungua wote, yenyewe ikabaki imesimama, haina hata kovu. Alilisema hilo kama mtu anayemsema jirani aliyejaliwa watoto wengi.

Usiku huo Flaviana alilala na rozari mkononi, na asubuhi aliamka akiwa ameamua kuuliza kila kitu. Hakupata nafasi. Treni ya kasi kutoka Himeji hadi Okayama haifiki hata nusu saa, na njia nzima Bi Haruko alikuwa amefumba macho, midomo inacheza bila sauti.

Okayama ndiko alikozaliwa. Ngome ya huko ni nyeusi, na juu ya paa lake kuna samaki wawili wa dhahabu waliosimamisha mikia. Inasimama kwenye ukingo wa mto, na ng'ambo ya mto kuna bustani ambayo watu huijia kutoka mbali. Watalii walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Bi Haruko hakuiangalia foleni. Aliuzunguka ukuta wa mawe, fimbo yake ikichagua njia yenyewe, mpaka upande wa mtoni, mahali ambapo mawe makubwa ya msingi yalikutana na kijia chembamba. Akasimama hapo, mgongo ameupa mto.

Hapo ndipo aliposimulia, kwa maneno machache, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi kwa miaka mingi. Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 1945, karibu na mapambazuko, ndege zilipokuja na mji ukawaka. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita. Mama yake alikuwa kiwete, mguu mmoja ulimlemaa tangu utotoni. Yeye ndiye aliyemkokota mpaka kwenye ukuta huu, akamwambia akae hapa hapa asiondoke, kwa sababu jiwe haliungui, yeye anakwenda kutafuta mkokoteni, atarudi. Akaenda. Akakuta barabara ni moto, akakimbia na watu wengine kuelekea upande mwingine, na hakurudi mpaka siku ya pili. Ngome iliyokuwa juu ya ukuta huu ilikuwa ya mbao. Iliungua ikamwagika chini. Hii inayoonekana leo ni ya zege, ilijengwa baadaye.

"Aliyasikia maneno yangu," alisema Bi Haruko. "Alikuwa mtu wa kutii. Najua hakuondoka."

Kisha alimshika Flaviana mkono, vidole vyake vikavu vikakaza.

"Mimi nawaona wa watu wote. Nyuma ya Raymond husimama baba yake. Muuza maua wa pale mtaani ana watoto wawili. Wako nilimwona siku ile ile ulipobonyeza kengele. Wangu tu ndiye simwoni. Miaka hamsini na miwili. Ndiyo maana nimekuleta. Nilisema, mtu anayetembea na wake mwenyewe huenda akamwona wangu. Sasa niambie. Hapa kwenye mawe, umemwona nani?"

Flaviana aliyatazama mawe. Aliyatazama vizuri, kwa nia yake yote, mpaka machozi yakamtoka. Aliona kuvu, jani moja jekundu lililonaswa kwenye ufa, na kivuli chake na cha bibi vikiwa vimelala pamoja ukutani. Akajua kwamba neno moja tu lingetosha. Kule Arlington, sebuleni, kulikuwa na picha ya mama huyo, amekaa mkekani, kimono ya mistari, nywele zimefungwa nyuma. Angeweza kuieleza picha ile kuanzia juu hadi chini na bibi angefurahi na safari ingekuwa imekwisha. Neno lilimfika kwenye ulimi. Lakini alikuwa ametunza wazee wengi, na alijua jinsi wanavyotambua mtu anayewapoza.

"Simwoni, Mama," alisema. "Simwoni mtu hapa."

Bi Haruko hakulia. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. Mashua yenye umbo la bata maji, ya kukanyagwa kwa miguu, ilipita mtoni ikiwa na vijana wawili waliokuwa wanacheka. Walipokwisha kupita, alisema ahsante kwa kutomdanganya.

Wakakaa juu ya jiwe. Na sasa ikawa zamu ya Flaviana kuuliza. Aliuliza kama yule wake husema neno lolote.

"Hapana. Hutazama mikono yako tu. Kama mtu anayesubiri kupewa kitu chake."

Ndipo Flaviana alipolitoa lile ambalo hakuwahi kumwambia Respicius, wala padri, wala mama yake. Adela alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, na mahafali yalikuwa mwezi wa sita. Flaviana alimnunulia viatu vyeusi vya kisigino, akavifunga kwenye karatasi na kamba. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha College Park, kijana wa Moshi aitwaye Godlisten, alikuwa anakwenda Mwanza kwa utafiti, akakubali kuvibeba. Adela alipopigiwa simu alisema hana haraka. Kuna sista atakayekuja Bukoba wiki mbili baadaye, atamletea. Flaviana alikuwa amechoka siku ile, ametoka zamu mbili mfululizo, na alikasirika. Alimwambia mdogo wake aache uvivu, apande meli, ni usiku mmoja tu, viatu havitembei vyenyewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwake. Godlisten alisubiri Mwanza siku tano, akaona yale ambayo Mwanza nzima iliyaona wiki ile, akarudi Marekani na kifurushi mkononi. Tangu hapo kilikuwa chini ya kitanda, Oxon Hill, na kamba hajaifungua.

Alisimulia kwa Kiingereza, na pale Kiingereza kilipomwishia akaendelea kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomwishia akaingia kwenye Kihaya. Bi Haruko alisikiliza yote. Aliponyamaza, bibi aliuliza viatu vilikuwa saizi gani.

"Thelathini na nane," alisema Flaviana.

"Mguu mkubwa kwa msichana mdogo vile," alisema Bi Haruko, na Flaviana akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja, kwa sababu ilikuwa kweli, na Adela alichukia kuambiwa hivyo.

Baadaye waliingia ndani ya ngome kama watalii wengine. Mlikuwa na lifti. Bi Haruko alisimama mbele ya milango yake ya chuma inayong'aa, akaikodolea macho, kisha akasema kwamba leo hii mama yake angefika juu bila shida. Akabonyeza kitufe mwenyewe. Lifti ilikuwa ndogo, wao wawili tu, lakini ilipofunga milango Flaviana alijibana ukutani kumpisha mtu, na Bi Haruko naye akafanya hivyo hivyo.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, Flaviana alinunua kadi ya simu, akampigia paroko wa Kamachumu kwa saa waliyokubaliana, na mama yake akaitwa kutoka nje ya kanisa. Flaviana hakumpa nafasi ya salamu ndefu. Alisema yote, viatu, hasira, maneno ya mwisho. Upande wa pili wakasikika kuku wa paroko na watu wakiagana kwa mbali.

"Nilijua, mwanangu," mama yake alisema hatimaye. "Adela mwenyewe aliniambia dada amemtuma. Nilikuwa nasubiri uniambie kwa mdomo wako."

Mama yake akauliza kifurushi kiko wapi. Alipoambiwa, akasema kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za kesho kwamba akilete. Tangu mwaka jana kwenye kibanja chake cha migomba hakuna kaburi la mtoto wake, na yeye hana mahali pa kukaa akamlilia.

Alikipeleka mwezi wa saba mwaka 1998. Ukoo ulikutana chini ya migomba, nyuma ya nyumba, pale walipolazwa baba na babu. Mama yake ndiye aliyeifungua kamba. Aliitoa jozi ile ya viatu, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake ingawa haikuwa na vumbi, akaigeuza kuangalia soli, akasema ni viatu vya kweli, vingedumu. Wakavilaza kwenye sanduku dogo alilochonga mjomba. Padri alinyunyizia maji ya baraka. Udongo wa Kamachumu ni mwekundu, na kulikuwa kumenyesha, ulishika mikononi mwa kila aliyetupia. Flaviana alikaa na mama yake pale kaburini siku tisa, jioni kwa jioni, na walizungumza zaidi ya walivyozungumza miaka yote mitano.

Aliporudi Arlington, Bi Haruko alimfungulia mlango, akamtazama, akamwambia amenenepa. Flaviana alikuwa amejiandaa njia nzima, ndani ya ndege na ndani ya treni, na sasa swali lilikuwa mdomoni mwake, lakini hakuuliza. Hakuuliza siku hiyo, wala wiki iliyofuata, wala vuli yote. Kulikuwa na majibu mawili tu, kwamba Adela bado yuko nyuma yake au kwamba ameondoka, na yote mawili aliyaogopa sawasawa. Kuna nyakati jikoni alihisi ubaridi mdogo kwenye kisogo, akaendelea kukata vitunguu. Kuna siku nzima hakuhisi kitu, na hizo ndizo zilizokuwa siku ngumu zaidi.

Bi Haruko alikufa mwezi wa kumi na moja, mchana, akiwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, Flaviana akiwa anamsomea tangazo la duka kwa sauti. Alikuwa anasikiliza bei za machungwa. Aliinua uso ghafla kuelekea mlangoni, uso wa mtu aliyesikia fimbo au hatua ya kuchechemea, akasema neno moja la Kijapani, fupi, kwa sauti ya kitoto. Flaviana alitazama mlangoni haraka kadiri alivyoweza. Hakuona mtu. Alipogeuka, bibi alikuwa ameshakwenda.

Mazishini Raymond alimshukuru kwa yote. Alikuwa mtu mkubwa, amevimba macho, anazungusha kofia mikononi kama mtoto. Aliuliza kama kule Japani mama yake alikiona alichokwenda kukiona, maana hakuwahi kumwambia ni nini. Flaviana alijikuta anatazama nyuma ya bega lake, mahali ambapo palikuwa na miti mitupu na magari yaliyoegeshwa. Alimjibu kwamba waliona ngome tatu, kwamba ngazi hazikumshinda, na kwamba kwenye ya mwisho walipanda kwa lifti. Kisha alimwuliza lile neno fupi alilolisema mama yake akitazama mlangoni, akalitamka kadiri alivyolikumbuka, maana yake ni nini.

Raymond alilisikiliza, akamwomba alirudie. Alirudia.

"Sikufundishwa Kijapani," alisema Raymond. "Nisamehe."

Flaviana alimpa mkono, akafunga vifungo vya koti lake, akatembea peke yake kuelekea kituo cha treni.